Nani Alimwaga Droo ya Mama?

Duluth, Minnesota
6 Oktoba 1991

Kaka Arvo,

Nakusalimu kutoka jikoni. Mama yuko mbele yangu, anakunywa kahawa yake kwenye kisahani, kipande cha sukari kakibana kwa meno kama siku zote. Wifi Darlene hajambo? Goti lake linaendeleaje? Sisi wazima. Majani yamepukutika karibu yote, ziwa limeanza kuleta ule upepo wake wa kukata masikio, na kanisani wamepata wazee wapya baada ya kununiana mwezi mzima. Mimi bado nawapikia watoto shuleni. Mwaka huu hawataki maharage, lakini watayala tu.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Nimeamua hivyo. Kwenye simu unaongea kama mwenyekiti wa kikao, nikivuta pumzi tu umeshafunga mjadala. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho. Ukipiga simu nitapokea, nitakuambia mama mzima, nitakata.

Sasa nijibu. Nani alimwaga droo ya mama?

Nazungumzia droo ya makorokoro, ile ya kushoto ya jiko, ambayo haifunguki mpaka uisukume kwa goti kutoka chini. Tangu urudi Arizona naikuta na trei ya plastiki yenye vyumba vyumba. Betri mpya huku, mkasi kule, kalamu zimelala kwa mstari, zote zinaandika. Inafanana na droo ya daktari wa meno. Wewe ulikaa hapa wiki mbili za Septemba, na mama hana mkono wa kupanga kalamu, kwa hiyo sihitaji polisi. Ninachotaka kujua ni vitu vilikokwenda. Nimetafuta gereji, nimetafuta chini kwenye boila la kupashia nyumba joto, nimefunua hata mapipa.

Nauliza kwa sababu ya mama. Kila jioni baada ya kula anaifungua, anapapasa ndani ya vile vyumba vya plastiki, anaifunga, kisha ananitazama. Hasemi kitu cha kueleweka. Ananitazama tu, na mimi sina cha kumpa.

Kuhusu chumba kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimesoma karatasi ulizoniachia juu ya friji. Kitakuwa wazi Desemba mosi, na wanataka watoto wote wawili wakubali. Mimi sikubali. Mama hatoki kwenye nyumba hii, piga ua. Najua wewe umeshaamua atoke. Basi tuandikiane mpaka mmoja wetu achoke, na mimi sijachoka.

Nduguyo,
Verna


Mesa, Arizona
16 Oktoba 1991

Mdogo wangu Verna,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Huku bado joto, jana tulikula chakula cha jioni nje. Darlene anakusalimu sana, goti lake daktari kasema tulipe muda. Mlimau wetu umezaa mpaka matawi yanainama, na tunawagawia majirani ambao nao wana milimau yao. Nafurahi kusikia kwamba wazee wa kanisa wamepatikana bila mtu kuumia.

Droo nilimwaga mimi. Sikujua kama ni kosa la kufungwa.

Ulishawahi kuangalia kilichokuwamo? Kalamu zilizokauka, ikiwamo ile ya kijani yenye alama za meno. Mishumaa ya keki iliyoungua nusu. Vibanio vya mifuko ya mkate. Raba zilizogandana zikawa donge moja. Kibanio cha nguo cha upande mmoja. Tepu ya kupimia iliyokatika pale kwenye inchi ya saba. Karata bila malkia wa kopa. Na funguo, Verna, funguo za kila aina, hakuna hata mmoja unaojulikana unafungua nini. Mtu gani anaweka ufunguo usio na mlango? Nilitumia siku nzima. Nilitupa, nikapangusa, nikanunua trei. Mapipa yalibebwa Alhamisi. Mambo yamekwisha.

Lakini wewe unapigania droo ili tusizungumze jambo lenyewe. Nitalisema mimi.

Unakumbuka ile jioni ya baridi ya kwanza, ulipowasha boila kisha ukaenda kwenye mkutano wa shule? Nilibaki na mama. Akaja jikoni, akafungua droo, akaita: "Ilma." Nikamuuliza anamtaka nani. Akarudia: "Ilma, Ilma," akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye ngazi, akaonyesha juu. Huko juu ndiko alikolala mama mdogo Ilma mpaka alipofariki. Tulimzika mwaka 1962. Mimi na wewe tulisimama kaburini pale. Nilishika ile nguzo ya ngazi nikamtazama mama yetu anakwenda kumtembelea marehemu, na macho yake yalikuwa makavu, hana hata wasiwasi, kama mtu anayekwenda kuchukua blanketi.

Siku ile ndipo nilipoamua. Mimi si adui yako. Mchana kutwa wewe uko kwenye masufuria ya shule na yeye yuko peke yake na ngazi zile. Nataka awe mahali penye joto, penye mtu wa kumsikia akiita. Wanataka jibu letu kabla ya Novemba ishirini. Fikiri kwa kichwa, si kwa hasira.

Kaka yako,
Arvo


Duluth
27 Oktoba 1991

Kaka Arvo,

Tunawashukuru kwa salamu. Mwambie wifi Darlene nimeoka mkate wa iliki nikamkumbuka, maana hakuna mtu mwingine katika ukoo huu anayekula ukoko wa chini bila kuombwa. Bi Saima Koski wa ng'ambo ya uchochoro bado anatembelea fimbo, nyonga haijapona, lakini mdomo wake mzima kabisa. Nimenunua peremende za watoto watakaopita kuomba usiku wa Halloween na mama kashaanza kuzila.

Kichwa changu kizima, asante. Nimefikiri nacho na jibu ni lile lile.

Nikuambie maisha yalivyo bila makorokoro. Jumanne kitasa cha kabati kiling'oka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye droo kuchukua ile skrubu ya kichwa cha shaba, nikakuta trei. Jana taa ya ngazi iliungua, nikataka kipande cha mshumaa, nikakuta trei. Mfuko wa unga ulipasuka, nikataka raba. Umeshajua nilichokuta. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa na ile droo na hatukuwa na habari.

Rejeta za juu, zile za chuma chini ya madirisha zinazopitisha maji ya moto, zimekuwa baridi kama mawe. Za chini zina uvuguvugu. Fundi kaahidi kuja Ijumaa ijayo. Boila ni la zamani, linataka kubembelezwa, hakuna cha kukutisha hapo.

Kuhusu mama mdogo Ilma, mtu aliyekula chumvi nyingi huwakumbuka wapendwa wake. Huo si ugonjwa wa kumtolea mtu nyumbani kwake. Mama hajambo. Hana jipya.

Halafu kaka, barua yako nimeisoma tena nikiwa nimetulia. Umesema kalamu ya kijani ilikuwa na alama za meno. Umesema tepu ilikatikia inchi ya saba. Umejua hata malkia aliyekosekana kwenye karata, maana yake ulikaa chini ukazipitia moja moja. Mimi natupa taka kila siku shuleni, ndoo kwa ndoo, na sijawahi kujua taka yangu ina alama za meno ya nani. Nafikiri unajua ninachouliza, kwa hiyo siulizi.

Mama kasema nikusalimu. Alisema jina lako sawasawa.

Verna


Mesa
4 Novemba 1991

Verna,

Habari zenu zinatutia hofu. Kwenye televisheni wanaonyesha Duluth imezikwa na theluji, magari hayaonekani. Nimepiga simu tangu Ijumaa, laini haishiki. Darlene haachi kunitazama kila nikiweka mkono wa simu chini. Nijibu haraka, kwa simu, kwa barua, kwa njiwa, njia yoyote.

Mama yuko ghorofa ya juu kwenye chumba kisicho na joto, nje hakupitiki, fundi hawezi kufika. Hili ndilo nililokuwa nikikuambia, na nakuapia sifurahii kuwa nilikuwa sahihi.

Nimekata tiketi. Nitafika tarehe ishirini na tisa, na Desemba mosi nitampeleka mama mwenyewe kwa mikono yangu. Hata ukisimama mlangoni nitakupita. Mpangie nguo zake nzito.

Arvo


Duluth
11 Novemba 1991

Kaka Arvo,

Tuko hai. Simu imerudi jana na nimesikia inalia mara ya kwanza, lakini niliiacha, kwa sababu haya ninayotaka kukuambia hayafai kukatizwa. Mama anakula, analala, anawalalamikia wanaosafisha barabara. Bi Saima anakusalimu, na utaona mbele kwa nini anastahili kusalimiwa na wewe pia.

Theluji ilianza watoto wakiwa bado wanapita kuomba peremende, na haikusimama mpaka ikafika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Fundi hakuja. Nilimshusha mama, tukalala sebuleni na mablanketi yote ya nyumba. Nilikuwa na hofu, nakubali. Mara mbili nilishika simu nikupigie nikuambie njoo umchukue. Laini ikawa imekufa, na sasa namshukuru Mungu kwa ile laini.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi uliopita, maana nilijua utalitumia. Si droo tu. Mama alikuwa anapanda juu, anapiga magoti mbele ya rejeta, anaweka sikio kwenye chuma, anasikiliza, halafu ananigeukia na kusema: "Ilma." Mimi nikamwambia Ilma hayupo mama, Ilma alishatangulia. Akatikisa kichwa, akagonga chuma kwa kidole. Ilma yumo, akasema, yumo sana. Nikashuka chini nikajifungia bafuni nikalia. Nilidhani umesema kweli, mama yetu anamtafuta dada yake ndani ya ukuta.

Siku walipofungua uchochoro, Bi Saima alivuka kuja kwetu. Mwanamke wa miaka sabini na nane mwenye nyonga mbovu, anaegemea koleo badala ya fimbo, mkate kauweka ndani ya koti. Nikachemsha kahawa. Tukiwa tunakunywa, mama akainuka, akasukuma droo kwa goti, akapapasa trei yako, akasema neno lake. Nikaona aibu. Nikamnong'oneza Bi Saima kwamba mama anamwita marehemu dada yake, tumvumilie.

Bi Saima akaweka kikombe mezani. "Nani kakuambia anaita mtu?" akasema. "Mama yako anasema hewa."

Hewa, Arvo. Kwa Kifini cha wazazi wetu ilma ni hewa. Mama mdogo alipewa tu jina hilo, kama wanavyopewa wengine jina la ua au la mwezi. Tumekaa na neno hilo miaka yote tukidhani ni jina la mama mdogo peke yake. Si unakumbuka mama na baba walivyokuwa wakibadili lugha tukiingia chumbani? Walitaka tuongee Kiingereza tu ili shuleni tusichekwe. Wakafaulu. Tunajua Kifini cha mkate, cha sauna na cha matusi, basi. Na mama sasa Kiingereza kinamponyoka, anarudi kwenye kile cha kwanza, na sisi wanawe tunamtazama mdomoni tukisema akili zimekwenda. Mama hajapoteza akili. Sisi ndio tuliopoteza lugha.

Bi Saima akamuuliza kwa Kifini. Mama akajibu, na akaendelea kujibu. Sijamsikia akiongea kwa muda mrefu hivyo tangu kabla ya Pasaka. Alikuwa anaonyesha juu, anaonyesha bomba, anazungusha vidole hewani, na mara moja alinionyesha mimi kwa kidevu, na Bi Saima akacheka. Kisha akanitafsiria. Hewa huingia kwenye mabomba wakati wa kiangazi. Kila mwaka, boila likishawashwa, lazima itolewe kwenye rejeta za juu, la sivyo maji ya moto hayapandi. Amekuwa akituambia tangu siku ya baridi ya kwanza. Alikushika mkono akuonyeshe. Hakuna anayesikia, na kuna mtu kauhamisha ufunguo wake wa kutolea hewa. Nikauliza anajua ni nani. Bi Saima akasema anajua, ila kaomba lisitajwe kwa sababu ni mwanawe.

Mimi nimerudi kuishi hapa mwaka wa tatu huu, na nilidhani joto linakuja lenyewe. Kumbe kila Septemba nikiwa kazini alikuwa anapanda na kikombe cha kukingia maji, anafanya kazi hiyo peke yake.

Fundi alifika Ijumaa. Boila zima. Akajaribu funguo zake zote kwenye vile vichwa vidogo vya kufungulia hewa, hakuna uliokamata, maana vimelika kwa miaka mingi. Akasema tubadilishe rejeta zote. Mama akamtazama kwa huruma.

Ufunguo aliutengeneza baba. Ni wa shaba, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, aliupiga tupa mwenyewe mpaka ukakamata. Na mama kamwambia Bi Saima aliutoa wapi. Ulikuwa ufunguo wa kukazia viatu vyako vya magurudumu, Arvo. Uliuacha kwenye droo mwaka ulioingia jeshini, una uzi mwekundu.

Kwa hiyo sikuulizi kama unao. Mtu aliyevitupa vitu hakumbuki alama za meno. Ulete. Ulete kabla ya tiketi yako, na kama unakuja na tiketi, uje nao mfukoni, upande ngazi, utoe hewa mbele ya mama, halafu ndipo tubishane habari ya nguo nzito. Mlangoni nitasimama vilevile.

Verna


Mesa
19 Novemba 1991

Mdogo wangu Verna,

Natumaini mko salama na theluji imepungua. Darlene kafunga kifurushi hiki, kwa hiyo usishangae kuwa kamba ni nyingi. Goti lake limepata nafuu, anapanda kiti kuchuma malimau nikimkataza. Kati ya matatu yaliyomo, mawili ni yenu, moja ni la Bi Saima. Mwambie namshukuru. Sijui nitamwambiaje kwa lugha yake, muulize uniandikie.

Kwenye boksi la viatu kuna kila kitu. Nilifika mpaka kwenye pipa, nikafungua kifuniko. Hiyo ndiyo habari yote na sitaki kuulizwa zaidi. Vilikaa kwenye droo yangu huku, ya kushoto ya jiko. Darlene anasema haifungi vizuri tangu Septemba.

Malkia wa kopa alikuwa amenasa nyuma ya sanduku la droo. Nilimpata nilipokuwa napangusa. Sasa karata zimetimia.

Ufunguo haukuwa kwenye boksi. Ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipouona ule uzi niliujua, niliufunga mwenyewe nikiwa na miaka tisa ili nisiupoteze nikiteremka kilima cha barabara ya ishirini na nne. Nilidhani ni wangu. Sikuona kwamba umepigwa tupa. Nimeutia ndani ya soksi usipotee kwenye kifurushi, na soksi pia mnaweza kubaki nayo.

Mimi bado nasema ngazi zile ni mbaya. Weka kishikio cha pili upande wa ukutani, cha mbao, na kiingie kwenye nguzo za ndani ya ukuta, si kwenye plasta. Mtafute mtu wa kukaa na mama mchana, hata kama ni saa chache. Hili sitaliacha.

Niandikie kama joto limepanda.

Arvo


Duluth
5 Desemba 1991

Kaka Arvo,

Salamu zetu nyingi kwako na kwa wifi. Malimau tumeyapokea, la Bi Saima kalila na chumvi, sijui kajifunzia wapi. Neno lako la shukrani kasema ni kiitos, na kasema uliseme kwa sauti mara kumi kabla ya kuja, asije akaona haya kwa ajili yako. Kishikio cha ngazi kimewekwa Jumamosi, kimeingia kwenye nguzo. Binti yake Bi Saima atakuwa anakaa na mama tangu saa nne mpaka nitakaporudi, na wanaongea Kifini mpaka masikio yananiuma. Nimeanza kuokota maneno. Jana nimeomba chumvi nikaletewa.

Kifurushi kilifika Jumatatu kabla ya sikukuu ya kushukuru. Nilitaka kukata kamba kwa mkasi wako wa kwenye trei, mama akaniondolea mkono. Alifungua fundo moja baada ya jingine, akaviringisha kamba kwenye vidole, akaiweka pembeni. Karatasi akainyoosha akaikunja. Kisha akachomoa trei ya plastiki akaitia kwenye droo ya chini pamoja na mifuniko isiyo na masufuria. Haikutupwa, usijali, umeshachangia kwenye makorokoro. Akamimina boksi lote ndani ya droo kwa mara moja, akachanganya kwa mkono. Hakuangalia kitu. Kalamu ya kijani ilipopita chini ya vidole akacheka kidogo. Meno ni ya baba, kasema, wakati anajaribu kuacha sigara.

Akatoa ufunguo kwenye soksi. Akashika kikombe chake kisicho na mkono akapanda, huku ameshika kishikio cha zamani, mimi nyuma yake. Akapiga magoti kwenye rejeta ya chumba alicholala mama mdogo, akakamatisha, akazungusha kidogo tu. Ikaanza kupumua. Sikujua chuma kinaweza kutoa pumzi ndefu hivyo, na harufu ya kutu na maji ya zamani ikajaa chumbani. Tulikaa pale sakafuni tukisikiliza mpaka ikakohoa, ikatema maji kwenye kikombe, naye akafunga. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya chuma. Kwanza baridi. Halafu kwa chini nikasikia joto linakuja, linapanda polepole, mpaka nikashindwa kuacha mkono.

"Ilma," akaniambia, kama mwalimu anayefundisha mtoto mzito.

"Ilma," nikasema. Akaridhika, tukaenda chumba kinachofuata.

Desemba mosi nilikuwa nimejiandaa kusimama mlangoni. Hukuja. Badala yake mwanamke mmoja kutoka nyumba ya wazee alinipigia kunishukuru kwamba tuliwaarifu mapema, chumba kakipata bibi mwingine. Nikamuuliza nani aliwaarifu. Kasema kaka yako, kwa simu, tarehe kumi na tano. Nimehesabu siku za posta, Arvo. Ni siku ileile barua yangu ilipokufikia. Hukungoja joto lipande, na kwenye barua yako umejaza habari za soksi na plasta lakini hilo hukulisema. Umesema hutaki kuulizwa, kwa hiyo nakuambia tu kwamba nimejua, na kwamba nilikaa kwenye ngazi nikalia tena, safari hii bila kujifungia.

Tiketi usiirudishe. Waombe waibadilishe iwe ya Septemba, tunapowasha boila. Mama anahitaji mtu wa kumshikia kikombe.

Nilimweleza habari ya uzi mwekundu, kwamba ulidhani ufunguo ni wako na kwamba ulikuwa unatembea nao mfukoni huko jangwani. Nikamuuliza kama fundi atuchongee mfano wake, tukutumie huu wenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya droo, ufunguo kwenye kiganja. Akafikiri, na safari hii akajibu kwa Kiingereza ili nisihitaji mkalimani.

"Mwambie ni wake," akasema. "Lakini unakaa hapa."

Akauweka ndani, akaisukuma droo kwa goti mpaka ikafunga.

Dada yako,
Verna